Ukuta Aliouacha Katikati

Jina lake la kuandikishwa lipo kwenye kitambulisho na halimsumbui mtu. Mafundi wenzake walimwita Kioo. Mkewe alimwita Baba Mapacha, ila akikasirika alisahau hayo akamwita Kioo kama wengine. Alikuwa fundi lipu. Kazi yake ilikuwa kuvisha kuta za matofali koti la saruji na mchanga, na kuta zake zilitoka nyororo kiasi kwamba Beleshi, msaidizi wake, aliwaambia wateja waje na vitana vyao wajitazame.

Huyo Beleshi alikuwa mume wa dada yake, mkubwa kwake kwa miaka saba, na hakuwa na mpango wowote wa kuwa fundi. Alichanganya udongo wa saruji na mchanga, akapandisha ndoo, akapiga porojo. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na mitano bila kukosana zaidi ya mara mbili, na mara zote mbili Beleshi ndiye aliyekuwa na makosa, kwa maelezo ya Kioo.

Kioo alikuwa na sheria moja: ukuta hauachwi katikati. Ukiuanza asubuhi unaumaliza siku hiyo hiyo, mvua inyeshe, mwenye nyumba aje na maneno yake. Haikuwa ushirikina. Udongo wa jana ukishakauka, wa leo haushikani nao sawasawa, na pale vinapokutana panabaki mshono. Kwa mwanga wa kawaida huuoni. Lakini weka balbu ubavuni mwa ukuta, mwanga upite ukiambaa, na mshono unajitokeza kama kovu. Kioo alitembea na balbu yake kwenye mfuko wa vifaa, pamoja na waya wa mita sita. Akimaliza nyumba alisubiri giza liingie, akaichomeka, akazunguka chumba hadi chumba akitafuta aibu yake mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa hakuipata. Kuta za wenzake alizimulika pia, tena bila kuombwa, na ndiyo maana marafiki zake walikuwa wa kuhesabu.

Nyumba yake mwenyewe haikuwa na lipu ndani. Sebule ilikuwa matofali matupu tangu walipohamia, mapacha wakiwa bado hawajazaliwa. Mkewe, ambaye alikuwa karani wa shule ya msingi, alikwisha kuacha kuuliza. Alipigilia msumari kati ya tofali na tofali, akatundika kalenda ya shule, akaendelea na maisha.

Mafua yaliletwa nyumbani na mapacha. Walikuwa na miaka minane, na kila kilichopita darasani kwao kilifika sebuleni siku ile ile. Walikohoa siku tatu, siku ya nne wakawa wanaruka kwenye kochi. Mama yao akafuatia, akapiga chafya ofisini juu ya rejista za watoto wa watu, akapona. Zamu ya Kioo ilifika siku moja kabla ya ukuta wa ngazi.

Ukuta wa ngazi, kwenye nyumba ya ghorofa, ni mtihani. Unapanda kutoka chini hadi juu bila kona ya kufichia kitu, na kila anayepanda ngazi anautazama. Kioo alikuwa ameusubiri wiki nzima. Asubuhi ile mkewe alimwekea mkono kwenye paji la uso akaurudisha haraka.

"Baba Mapacha, unaungua."

"Nitaitoa kwa jasho."

"Hiyo homa si nguo, uivue ukitaka. Lala leo."

"Nikilala leo, jukwaa wanalihamisha kesho. Nitalala kesho."

Dawa hii ya kutoa homa kwa jasho inaaminiwa sana na watu wanaofanya kazi za mikono, na sababu yake ni rahisi: wengi waliofanya hivyo walipona, na waliopona ndio wanaosimulia. Kioo alipanda jukwaani saa moja na nusu. Alirusha udongo, akauvuta kwa bao refu la kunyooshea, akasugua, akahamia juu, akaanza tena. Beleshi alimwona mara mbili ameegemeza kichwa kwenye nguzo ya jukwaa, amefumba macho. Alipomuuliza, aliambiwa alete udongo aache uganga. Saa kumi na mbili jioni ukuta ulikwisha. Kioo alichomeka balbu, meno yakigongana, akaupitisha mwanga toka chini hadi juu. Hakukuwa na mshono. Alikwenda nyumbani akalala siku mbili, na homa ikaisha.

Kirusi hakikupewa taarifa kwamba homa imeisha.

Wiki mbili baadaye mwiko ulianza kuwa mzito. Ulikuwa ule ule, wenye mpini uliolika umbo la kiganja chake, lakini baada ya saa moja mkono ulikuwa hoi. Akipanda ngazi sita alisimama ya nne, akajifanya anakagua matofali. Kifua kilimchoma katikati, hasa akilala chali, kwa hiyo akawa analala kwa kuegemea mito. Kwanza miwili, halafu mitatu. Jioni akivua soksi, mstari wa mpira ulibaki umechimbika kwenye kifundo cha mguu kama umepigwa kwa kamba.

Yeye alijua tatizo ni nini. Kila fundi lipu anajua. Kifua kikikubana ni vumbi la saruji, na saruji inaoshwa kwa maziwa. Huo ndio utabibu wao wote. Hauna ukurasa wa pili. Kioo alikunywa nusu lita asubuhi na nusu lita jioni. Ilipozidi, aliongeza ikawa lita nzima kila mara. Beleshi alishauri yawe ya moto. Wakayafanya ya moto. Siku kumi zilipita hivyo, na kama maziwa yangekuwa dawa ya moyo, mtu huyu angekuwa na moyo wa ng'ombe.

Kilichomfichua si kukohoa wala kuhema. Ni vyoo.

Siku moja, mapumziko ya saa nne, Beleshi aliingia kwenye ofisi ya shule na viatu vyake vya saruji, akakaa kwenye benchi la wazazi. Mke wa Kioo aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Shemeji, kuna nini? Kaanguka?"

"Hajaanguka. Anachagua vyoo."

"Anachagua nini?"

"Vyoo. Na stoo. Kuta fupi fupi. Juzi tulipewa sebule ya mita saba, akamwachia yule fundi wa kutumia mkono wa kushoto, yule anayemwita Mpaka Siagi. Sebule, shemeji! Yeye akaingia kupiga lipu choo cha nje, na akatoka humo amelowa kama ameogea."

 Mke wa Kioo alikuwa ameiona ile mito mitatu. Aliiona na mistari ya soksi. Alikuwa amejiambia ni uchovu, kwa sababu uchovu ni neno linalompa mtu nafasi ya kumalizia kazi ya ofisi.

"Hospitali hatakubali," alisema. "Atasema ni saruji."

"Basi tusibishane naye. Mwambie mnakwenda kupima saruji."

Ndivyo alivyopatikana. Alikwenda kwa miguu yake, akiwa na uhakika kwamba anakwenda kuthibitishwa.

Chumba cha vipimo kilikuwa na kitanda cha ngozi bandia iliyochanika pembeni, na dirisha moja lililoingiza mwanga kwa ubavu. Walimbandika waya kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye milima na mabonde. Walimtoa damu. Halafu daktari, mwanamke aliyeweka kalamu sikioni kama seremala, alimpaka majimaji ya baridi kifuani na kukiviringisha kifaa juu ya mbavu huku akitazama skrini. Kioo hakuitazama skrini. Alikuwa akitazama ukuta wa mbele yake. Ulikuwa na mshono, kimo cha bega, kutoka dirishani hadi mlangoni, na ilimuuma kwamba mtu alilipwa kwa ajili ya ule.

"Uliumwa mafua karibuni?" daktari aliuliza.

"Ya watoto tu. Mwezi mmoja uliopita. Yaliisha."

"Yaliisha puani." Alifuta kifaa kwa karatasi. "Baba, sikiliza. Kirusi cha mafua mara nyingi hukaa puani na kooni, kikaondoka. Mara chache kinashuka kwenye misuli ya moyo. Kwako kimeshuka. Mwili ukakifuata kupigana nacho humo humo, na misuli ya moyo ikavimba. Moyo uliovimba hausukumi. Wa kwako, kila unapopiga, unatoa kama asilimia thelathini na mbili ya damu iliyomo. Ulitakiwa utoe hamsini na tano kwenda juu. Inayobaki inasongamana nyuma, ndiyo maana maji yameingia kwenye mapafu na kushuka miguuni."

Kioo alifikiri.

"Na saruji?"

"Saruji sijaiona."

"Maziwa je?"

"Maziwa yanakwenda tumboni, baba. Na kwa sasa punguza kunywa vitu vingi, maji unayo ya kutosha."

Mkewe ndiye aliyeuliza lile alilolibeba toka nyumbani. "Siku ile alifanya kazi kutwa nzima na homa. Ndiyo iliyoleta?"

"Siwezi kusema ukuta ndio ulioleta. Kirusi ndicho kilicholeta. Lakini mwili wenye homa haubebeshwi mzigo, na huu ulibebeshwa." Daktari alivuta kiti akakaa, akawatazama wote wawili. "Wengi hupona. Wengine moyo unabaki dhaifu. Na wapo wachache ambao mapigo yanavurugika ghafla, wakiwa kazini, wakidhani wameshapona. Hao hatuwawahi. Kwa hiyo miezi sita: hakuna ndoo, hakuna jukwaa, hakuna kukimbia. Ukisikia moyo unaruka au kichwa kinazunguka, unaacha ulichoshika. Si ukimaliza. Hapo hapo."

Alilazwa siku tisa. Walimpa dawa za kukojoa hadi akaona haya kwa wagonjwa wenzake, na vidonge vya kuupunguzia moyo mzigo. Mwanzoni mwa wiki ya pili alilala kwenye mto mmoja. Alirudi nyumbani na mfuko wa dawa na karatasi ya tarehe, akakalishwa kwenye kiti cha sebuleni, akitazamana na matofali yake.

Miezi ile ilimkomoa. Mtu aliyezoea kuchoka hajui kukaa. Alihesabu matofali ya ukuta wa mbele: mia nne na kumi na mawili, na matatu yalikuwa yamewekwa kichwa chini. Mapacha walimzunguka kama fanicha mpya. Mmoja alimuuliza kama sasa amekuwa mlinzi. Mkewe alitoka asubuhi, akarudi mchana, akapika, akafungasha vidonge vya kesho kwenye vikaratasi, na hakulalamika, jambo lililomtia Kioo wasiwasi kuliko kelele. Kioo mwenyewe alikuwa na hofu. Hakumwambia mtu, ila kila akikaa kimya alijikuta ameweka vidole viwili shingoni, anasikiliza.

Beleshi alikuja kila Alhamisi. Alikuwa akifanya kazi na Mpaka Siagi sasa, na alikuwa na mengi ya kusema juu yake. Alhamisi moja ya mwezi wa tatu wa mapumziko alikuja bila porojo. Alizungushazungusha kofia yake magotini.

"Ule ukuta wa ngazi," alisema mwishowe.

"Umepasuka?"

"Haujapasuka. Mwenye nyumba kabadili mawazo. Wameupiga nyundo wote, chini mpaka juu, ukwaruzike ushike gundi. Wameweka vigae."

"Wote?"

"Wote. Vya rangi ya kijivu."

Kioo aliuliza kama vigae vimepangwa vizuri. Beleshi akasema si haba. Walikunywa chai. Beleshi alipoondoka, Kioo aliviosha vikombe vyote viwili. Alikuwa na hasira, na hakujua ampe nani, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na haki ya ngazi zake.

Mwezi wa nne alipimwa tena. "Arobaini na tano," alisema daktari. "Inapanda vizuri sana. Lakini bado miezi miwili." Kioo alisikia kwamba inapanda. Yaliyobaki alimwachia mkewe ayasikie.

Jumanne ya wiki iliyofuata, mkewe alipokwisha kwenda kazini na mapacha shuleni, alitoka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na nusu mfuko wa saruji aliouhifadhi kwenye nailoni, na mchanga wa tangu ujenzi. Hakuwa anakwenda kazini, alijiambia. Ulikuwa ukuta wa nyumbani, mita tatu na nusu, mdogo kuliko choo cha watu wengine. Angejaza ndoo nusu nusu. Mama Mapacha angerudi akute sebule ina ukuta mmoja wa kioo, baada ya miaka tisa ya kutouliza. Aliitoa kalenda kwenye msumari akailaza kochini kwa adabu.

Saa mbili alilowesha matofali. Alipotupa udongo wa kwanza, ukalia ule mlio wake wa kibao, ukashika, na mwili wake wote ulikumbuka. Hakukuwa na siku nzuri kama ile tangu aumwe. Alikwenda taratibu, akapumzika, akarudi. Bao likavuta sawa. Ilipofika saa tano alikuwa nusu ya ukuta, upande wa kushoto umekamilika toka juu hadi chini, bado umelowa, unang'aa.

Hapo moyo uliruka. Ulitulia kidogo, ukaruka tena mara tatu mfululizo, kama mtu anayejikwaa kwenye ngazi. Sakafu iliinama. Kioo alishika mwiko kwa mikono miwili akasubiri ipite. Haikupita.

Alipiga hesabu, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Ilibaki mita moja na robo tatu. Udongo uliokwisha kuchanganywa ulikuwa wa kutosha, na usingengoja. Saa moja na nusu, akijikaza. Amewahi kujikaza zaidi ya hapo; alijikaza kutwa nzima na homa juu ya jukwaa, na ukuta ule sasa uko chini ya vigae vya kijivu. Kisha akakumbuka saa. Mapacha hutoka shule saa saba kasoro robo. Hurudi wakikimbia, kumpita mama yao njiani, na daima ndio wanaosukuma mlango kwanza.

Akaweka mwiko chini.

Hakunyoosha hata ukingo. Fundi yeyote anayelazimika kuacha ukuta huukata ukingo kwa mwiko uwe mstari safi, ni kazi ya dakika mbili, na Kioo alilijua hilo kabla hajaota ndevu. Aliuacha ulivyo, umechanikachanika. Mwiko hakuuosha. Aligeuza ndoo tupu akaikalia, mgongo kwenye matofali, akapiga simu.

"Mama Mapacha. Njoo. Nimeuacha ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wa sebuleni. Nimeuacha katikati."

 Mwanamke aliyeishi naye miaka kumi na miwili hakuuliza alikuwa akifanya nini na ukuta, wala nani alimruhusu. Alisema, "Usisimame," akakata.

Alikuja kwa pikipiki. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na yalikuwa maneno ya kweli, yenye miaka tisa ndani yake. Alisukuma mlango akamkuta mumewe amekaa juu ya ndoo, uso rangi ya mchanga, vidole viwili shingoni. Akaona mwiko sakafuni, umegandwa na udongo. Akaona ukingo wa lipu ulivyokatikakatika. Maneno yote aliyoyapanga yakayeyuka.

"Umeuacha kweli," alisema, na akaanza kulia, akamshika mkono wamngojee dereva wa pikipiki, aliyekwenda kutafuta gari.

Walimweka siku mbili kwenye mashine, wakayaona yale mapigo yanayojikwaa, wakambadilishia dawa. Daktari hakumgombeza sana. Alimuuliza tu aliacha baada ya muda gani, naye akasema, "Hapo hapo." Akaandika.

Ilichukua miezi mingine mitano. Namba ilifika hamsini na nne, na daktari akasema anaweza kurudi kazini kidogo kidogo, kuta fupi kwanza. Kuta fupi alizifahamu. Lakini kabla ya zote alisimama sebuleni na nyundo, tayari kubandua ule upande wa kushoto aupige upya wote, uwe ukuta mmoja.

"Upande ule usiuguse," mkewe alisema kutoka jikoni.

"Utaonyesha mshono."

"Ndiyo. Uache."

Basi akapiga nusu iliyobaki, siku nzima, Beleshi akichanganya udongo na kumhesabia mapumziko kwa sauti kama mwamuzi wa ngumi. Ulipokauka, Kioo alifunga mapazia akachomeka balbu. Wote watano walisimama kutazama. Mshono ulitokea toka juu hadi chini, umepinda, mbaya kuliko wowote aliowahi kummulikia mwenzake. Beleshi alifungua mdomo, akamtazama mke wa Kioo, akaufunga.

Kioo alisema kalenda itundikwe pale pale, iufunike kidogo. Mkewe aliichukua, akavuta kiti, akaitundika kwenye ukuta wa pili.